Jinsi ya kuomba idhini ya kufanya kazi kama mkarabati wa kujitegemea wa kazi za sanaa

Ukitafuta "leseni ya ukarabati wa sanaa" kwenye orodha ya leseni za serikali, katika nchi nyingi hutaikuta. Masharti yapo, ila yametawanyika: mengine yako wizara ya utamaduni, mengine chama cha taaluma, mengine kwa watu wa usalama kazini na mazingira, na mengine yamejificha ndani ya mkataba wa bima. Anayekimbilia kusajili biashara na kuchapisha kadi hugundua pengo siku makumbusho inapomwomba karatasi ambayo hana, na karatasi hiyo haipatikani kwa wiki moja.

Fomu yenyewe huijazi kwa zaidi ya saa moja. Kinachoamua ombi ni jalada la kazi zako, na jalada hilo halitengenezwi baadaye. Mchoro ukishaguswa, picha ya hali yake ya kabla haipigiki tena. Kwa hiyo hata kama huna mpango wa kuomba mwaka huu, soma hatua ya 4 sasa.

1. Uliza kwanza: sheria inalinda mtu au inalinda kitu?

Kuna nchi zinazolinda cheo chenyewe. Italia ndiyo mfano mkali zaidi. Chini ya sheria yake ya mali za utamaduni ya 2004 (Amri ya Kisheria namba 42), anayegusa mali iliyolindwa lazima awe kwenye orodha ya wakarabati inayotunzwa na wizara, na orodha hiyo imegawanywa katika fani 12. Njia ya kawaida ya kuingia ni masomo ya miaka mitano yenye krediti 300, ambayo mtihani wake wa mwisho ndio unaotoa idhini. Aliyeandikishwa kwa fani ya karatasi hawezi kusaini kazi ya sanamu ya jiwe, hata awe hodari namna gani.

Ufaransa inalinda kitu. Mtu yeyote anaweza kujiita mkarabati na kupokea wateja binafsi. Lakini vitu vya makumbusho yenye hadhi ya "Musée de France", iliyowekwa na sheria ya 4 Januari 2002, havikarabatiwi ila na mtu mwenye sifa zilizoandikwa kisheria.

Uingereza na Marekani hazina leseni ya serikali kwa kazi hii. Mahali pake pamechukuliwa na ithibati ya chama: Uingereza kuna Icon, chama cha wahifadhi, na cheo chake cha ACR (mhifadhi-mkarabati aliyeithibitishwa), Marekani kuna AIC, chama cha wahifadhi cha huko, na uanachama wake unaopitiwa na wanataaluma wenzako. Kisheria ni hiari. Ukitaka zabuni za makumbusho, hiari hiyo inaisha haraka.

Usibahatishe nchi yako iko kundi gani. Andikia mamlaka ya urithi wa utamaduni barua yenye maswali matatu tu: je, cheo cha mkarabati kinalindwa, je, kuna aina ya vitu ambavyo havishikwi bila idhini maalumu, je, idhini inatolewa kwa mtu au kwa kila kazi. Omba jibu la maandishi. Jibu la simu halina faida siku mkaguzi mwingine anapofika.

2. Chagua fani moja, mbili zikizidi

Fomu nyingi zina visanduku: michoro ya rangi kwenye turubai na mbao, karatasi na vitabu, vitambaa, metali, mawe, kauri na kioo, picha za kamera. Kishawishi ni kutia alama kila mahali ili kazi isikupite. Matokeo yake, kila kisanduku ulichokitia alama kinadai ushahidi wake, na pale ushahidi unapokuwa mwembamba, shaka inasambaa hadi kwenye fani unayoijua kweli.

Angalia pia unavyojieleza. Tangu tamko la Copenhagen la 1984, kamati ya uhifadhi ya ICOM (Baraza la Kimataifa la Makumbusho) inamtenganisha mhifadhi-mkarabati na msanii au fundi wa ufundi wa mikono: kazi yake ni kuhifadhi na kuelewa kitu kilichopo, si kutengeneza kipya. Ukiandika "ninarudisha michoro iwe kama mipya," umejitoa mwenyewe.

3. Vyeti na uthibitisho wa masomo

Cheti cha kuhitimu peke yake hakitoshi. Wanataka orodha ya masomo, saa za kila somo, na hasa saa za vitendo kwenye vitu halisi. Kumbuka kwamba E.C.C.O., shirikisho la vyama vya taaluma hii barani Ulaya lililoanzishwa mwaka 1991, linatambua kiwango cha shahada ya uzamili kama mlango wa kuingilia. Waliojifunzia karakanani hawajafungiwa kila mahali, lakini mzigo wao wa ushahidi ni mzito zaidi: barua za waliowasimamia, zenye tarehe, vitu vilivyoshughulikiwa na kiwango cha dhamana waliyopewa.

Ukiwa umesomea nchi nyingine, fuata mpangilio huu: nakala iliyothibitishwa, kisha apostili, yaani muhuri wa serikali unaothibitisha hati ili ikubalike nchi nyingine (kwa nchi zilizo kwenye Mkataba wa The Hague wa 1961), kisha tafsiri ya mtafsiri aliyeidhinishwa. Wengi hutafsiri kwanza. Apostili inayokuja baadaye inabaki bila tafsiri, na bahasha nzima inarudishwa. Ndani ya Umoja wa Ulaya, kwa taaluma iliyodhibitiwa, Maelekezo ya 2005/36/EC yanairuhusu mamlaka kukudai mtihani, au kipindi cha kufanya kazi chini ya usimamizi kisichozidi miaka mitatu, iwapo masomo yako yanatofautiana sana na ya kwao.

Jina kwenye cheti, pasipoti na fomu liwe moja, herufi kwa herufi. Kama lilibadilika kwa ndoa, weka hati ya ndoa tangu mwanzo badala ya kungoja waulize.

4. Jalada la kazi

Hapa ndipo maombi mengi yanapoangukia. Tuseme una mchoro wa rangi za mafuta wa sm 62 kwa 48, wenye mpasuko. Maelezo yanayokataliwa huwa hivi: "Mchoro ulikuwa mchafu na umechanika. Ulisafishwa, ukazibwa, ukarudishiwa rangi." Kila neno hapo linaweza kuwa kweli, na mtathmini bado hajui lolote.

Maelezo yanayopita yanasomeka hivi: "Mpasuko wa sm 7 wenye umbo la L, robo ya juu kulia. Nyuzi za wima zimekatika, za mlalo zimelegea. Chini ya mwanga wa urujuanimno (UV) vanishi inang'aa kijani, isipokuwa eneo la sm 5 kwa 3 lililobaki jeusi: rangi iliyoongezwa baadaye juu ya vanishi. Majaribio ya viyeyushi yamefanywa kwa pamba ya kijiti, madoa manne ya mm 5 pembezoni. Vanishi imeondoka bila pamba kuchukua rangi, ila kwenye nyekundu ya vazi. Hapo usafishaji umesimamishwa na vanishi imeachwa. Nyuzi zimeunganishwa mojamoja chini ya darubini kwa gundi ya samaki aina ya sturgeon na wanga wa ngano. Mapengo yamejazwa chaki na gundi bila kuvuka ukingo wa rangi ya asili. Rangi ya kuziba imewekwa juu ya vanishi ya kutenganisha, na inaondoka kwa kiyeyushi kisichodhuru rangi ya asili."

Sentensi ya nyekundu ndiyo inayokupatia alama. Inaonyesha kwamba ulijua pa kusimama. Ikiwezekana, katika jalada lako liwemo angalau tukio moja la kazi uliyoamua kutoifanya, pamoja na sababu.

Kwa kila kitu weka vipande vinne: ripoti ya hali, pendekezo la kazi lililosainiwa na mwenye mali, kumbukumbu za kazi, na ushauri wa utunzaji. Picha ziwe za mbele na nyuma, ndani ya fremu na nje yake, kwa mwanga wa kawaida, mwanga wa pembeni na urujuanimno. Kadi ya rangi na rula vionekane ndani ya kila picha ya mwanga wa kawaida. Bila kadi, mtathmini hawezi kujua kama manjano yaliyotoweka yalikuwa ya vanishi au ya kamera. Picha inayosahaulika kuliko zote ni ile ya katikati, mapengo yakiwa yameshajazwa lakini rangi haijawekwa. Hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba hukupaka juu ya rangi ya asili, na bila hiyo picha mbili nzuri za kabla na baada zinatia shaka tu.

Kama kazi ilikuwa ya timu, tenganisha: nani alifanya majaribio, nani aliunganisha nyuzi, nani alisaini pendekezo. "Tulifanya" inahesabika kama "sikuwa na dhamana."

Mwisho, pata ruhusa ya maandishi ya mwenye mali kutumia picha zake, na ufute jina na anwani yake. Jalada linalosema mchoro wa thamani umetundikwa nyumba gani ni zawadi kwa wezi.

5. Karakana

Mkaguzi hatazami uzuri wa chumba. Anatafuta kifaa cha kuvuta mvuke pale pale unapofanyia kazi; feni ya dirishani inausambaza tu. Anatafuta kabati la chuma la viyeyushi vinavyoshika moto, karatasi za usalama za kila kemikali, na pipa la chuma lenye kifuniko kwa pamba zilizotumika. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani vinajipasha joto na kuwaka vyenyewe, kwa hiyo visirundikwe. Mabaki ya viyeyushi hayamwagwi kwenye sinki. Yanakusanywa na kukabidhiwa kampuni ya taka hatarishi, nawe unatunza stakabadhi.

Rangi za zamani zina sumu: nyeupe ya risasi, nyekundu ya zebaki, kijani cha aseniki. Vumbi lake halifagiliwi kwa ufagio wala kuvutwa kwa mashine ya kawaida ya nyumbani. Tumia yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa vumbi laini kabisa. Ongeza kufuli, kengele ya wizi, kigunduzi cha moshi na kipima unyevu chenye kumbukumbu.

6. Bima

Soma kipengele cha vitu ambavyo havifidiwi kabla ya kusoma bei. Bima ya kawaida ya dhima ya biashara mara nyingi haifidii mali ya mtu mwingine iliyo mikononi mwako, na kwa mkarabati hiyo ndiyo mali yote iliyomo karakanani. Unahitaji bima inayotaja vitu vya wateja vilivyo chini ya uangalizi wako, vikiwa karakanani na vikiwa safarini. Iseme pia kama inafidia uharibifu unaotokana na kazi yenyewe, na upungufu wa thamani baada ya kitu kurekebishwa. Thamani ikubaliwe kwa maandishi kabla ya kupokea kitu. Na kiwango cha juu cha bima kilingane na jumla ya vitu vinavyolala kwako usiku mmoja, si kitu kimoja cha ghali.

7. Kuwasilisha na mahojiano

Taja kila kiambatisho kwa namba ile ile iliyo kwenye fomu, tunza nakala kamili, na udai hati ya mapokezi yenye tarehe. Ada ya ombi, mara nyingi, hairudishwi ukikataliwa.

Palipo na tathmini ya ana kwa ana, watathmini hufungua jalada na kukuuliza kwa nini ulichagua gundi hii na si ile, ungefanya nini kama majaribio yangeshindwa, na mteja akitaka saini iliyofifia "ikolezwe" utamjibuje. Jibu la swali hilo la mwisho ni hapana. Usiseme kamwe kwamba unathibitisha uhalisi wa michoro au kuinunua na kuiuza pembeni. Anayekarabati na kuuza ana maslahi mawili katika kitu kimoja.

8. Ukishapata

Idhini yako haifuti ruhusa ya kila kitu. Kitu kilichoorodheshwa kama urithi kinahitaji kibali chake, na kibali hutolewa juu ya pendekezo ulilowasilisha. Ukigundua jambo jipya katikati, simama na uombe marekebisho.

Kwa vitu vyenye pembe za ndovu, magamba ya ng'amba au mbao za rosewood ya Brazili, CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaotumika tangu 1975, unagusa kuvivusha mpaka hata kwa ukarabati tu, na nchi nyingi zina sheria kali zaidi ndani. Usipokee kitu kama hicho kutoka nje bila kuona kibali. Vivyo hivyo kwa kitu kisichojulikana kilitoka wapi: mwulize mwenye nacho maandishi ya umiliki, uyanakili kwenye daftari la mapokezi pamoja na tarehe, vipimo na picha.

Ithibati nyingi hudai uonyeshe kwamba umeendelea kujifunza. Andika kila semina, jaribio na makala siku ile ile, na mstari mmoja wa kilichobadilika katika utendaji wako. Orodha ya mahudhurio bila mstari huo hurudishwa.