Pima tenti kabla ya kununua lenzi: somo kwa wenye kamera zisizo na kioo (mirrorless)

Swali hili naletewa karibu kila wiki: "Mwalimu, nimepata kamera isiyo na kioo, ina kile kilenzi kilichokuja nayo kwenye boksi. Niongeze ipi ya kutumia kila siku bila kumaliza pesa?" Leo nimekaa niandike jibu lote mahali pamoja, maana lile jibu la haraka, "chukua 50mm f/1.8", limewaumiza wengi, mimi nikiwa mmoja wao.

Lenzi ya kwanza niliyonunua kwa pesa yangu ilikuwa 50mm, na kamera yangu ilikuwa ya APS-C, aina ninayoieleza hapo chini. Wiki hiyo hiyo nikapata kazi ya kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kutambulisha mchumba nyumbani kwa kina binti, huko Wakiso. Tenti mbili zinatazamana, uwanja mwembamba katikati, viti vimejaa mpaka kwenye kamba. Mabinti sita wakatoka nyumbani na magauni yao ya gomesi, wakapiga magoti mstari mmoja, na mimi mgongo wangu umeshagota kwenye nguzo ya tenti. Nikawapata wanne. Wawili wa pembeni, mmoja wao dada wa tumbo moja na bibi harusi, hawamo kwenye picha ile. Mama yao aliponiuliza, sikuwa na la kumjibu. Lenzi ilikuwa nzuri kabisa. Sikuwa nimepima mahali pa kusimama.

Ndiyo maana somo langu linaanzia miguuni.

Hatua ya kwanza: jua upana wa kihisi chako

Kihisi ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Cha kamera za fremu kamili kina upana wa milimita 36. Za APS-C ni kama 23.5 kwa Sony, Nikon na Fujifilm, na kama 22.3 kwa Canon. Micro Four Thirds za Panasonic na Olympus ni 17.3. Ukiwa na Canon R50, R10 au R100, Nikon Z30 au Z50, Sony a6000 na ndugu zake au ZV-E10, basi wewe ni wa APS-C. Wengi wetu tuko humo, na hesabu za somo hili nimezifanya kwa upana wa 23.5.

Hatua ya pili: pima, kisha piga hesabu

Nenda mahali unapopigia picha mara nyingi: sebule, kanisa, saluni, ukumbi wa madarasa, tenti. Simama pale utakaposimama kweli siku ya kazi, uhesabu hatua mpaka kwa mtu unayempiga. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ihesabu kama mita moja kasoro kidogo.

Sasa chukua umbali huo kwa mita, zidisha kwa upana wa kihisi, gawanya kwa milimita za lenzi. Unachopata ni upana, kwa mita, wa kitakachoingia kwenye picha.

Tuseme uko mita 4. Lenzi ya 50mm: 4 mara 23.5 gawanya kwa 50, unapata mita 1.88. Lenzi ya 35mm inakupa mita 2.69. Ya 24mm inakupa mita 3.92. Mabinti wangu sita, kila mmoja na mabega yake ya gomesi yaliyosimama, walihitaji kama sentimita 60 kila mmoja, yaani mita 3.6. Kwa 50mm ningelazimika kurudi nyuma mpaka niwe karibu mita 8 kutoka kwao, ambako kulikuwa na wazee wameketi na chakula mikononi. Kwa 24mm wote wangeingia, na mama asingeniuliza kitu.

Kabla hujatoa shilingi, fanya na jaribio hili. Ile lenzi ya kwenye boksi ina 24, 35 na 50 zote ndani yake, au karibu nazo. Iweke kwenye 35, ibandike selotepu isizunguke, upige siku nzima. Kesho yake 24. Kesho kutwa mwisho wa zumu. Halafu fungua picha zako za miezi iliyopita, utazame taarifa za kila picha zimepigwa kwa milimita ngapi. Mtu anayeniambia anapenda picha za sura mara nyingi nakuta robo tatu ya picha zake ziko chini ya 30. Mkono wako unajua unachopiga kuliko unavyojieleza mwenyewe.

Hatua ya tatu: jiulize kama unahitaji mwanga

Sisi tuko ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, na hapo kila lenzi inatosha. Unaweza kupiga f/8 na ile ya boksi na mteja asijue tofauti (namba ya f ni kipimo cha tundu la lenzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi). Ukiwa mtu wa picha za nje tu, nakushauri usinunue lenzi. Nunua kirudisha mwanga, au lipia mafuta uende mahali pazuri.

Mambo hubadilika ukiingia ndani, au jua likizama, maana kwetu giza halichelewi. Lenzi ya boksi ukiivuta mpaka mwisho tundu lake huishia f/5.6 au f/6.3. Lenzi ya f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya f/5.6, na zaidi ya mara kumi na mbili ya f/6.3. Kwa kazi maana yake ni hii: ukumbi uliokulazimisha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 12800 kwa f/5.6, picha ile ile na kasi ile ile ya shata, kwa f/1.8 unaipata kwa ISO kama 1250. Ngozi zetu nyeusi ndizo zinazofaidi zaidi hapo, kwa sababu chengachenga za ISO kubwa hujificha kwenye sehemu za giza, na shavu la mtu mweusi ndani ya ukumbi hafifu ni sehemu ya giza. Nimeona maharusi waliotoka na nyuso za kijivu kama vumbi, na mpiga picha anasema kosa ni la kamera.

Ila f/1.8 si ya kila picha. Watu wakiwa mistari miwili, funga tundu mpaka f/4 au f/5.6, la sivyo mstari wa mbele utakuwa mkali na wa nyuma umefifia. Na lenzi yoyote ile haitakuondolea rangi ya tenti. Turubai la bluu hupaka kila uso bluu. Hilo ni la kurekebisha kwenye mizani ya weupe (white balance) ya kamera, au kuwaomba wahusika wasogee ukingoni.

Hatua ya nne: majina

Wa Nikon wa APS-C mmepata zawadi: Z DX 24mm f/1.7 ya mwaka 2023 imetengenezwa kwa kazi hii hii ninayoisema. Wa fremu kamili, Z 40mm f/2 ya 2021 ina gramu 170 tu, na ilitangazwa kwa dola 299 huko Marekani.

Kwa Sony APS-C ningeanza na Sigma 30mm f/1.4, iliyotoka 2016 na sasa inapatikana mtumba bila shida. E 35mm f/1.8 ya Sony yenyewe haina f/1.4, lakini ina kitulizo cha mtikisiko, jambo zuri kwa mwenye kamera isiyonacho ndani. Fujifilm: XC 35mm f/2 ya 2020, mwili wa plastiki, kioo cha kuaminika.

Canon ndiyo ngumu kidogo. RF 50mm f/1.8 ni nyepesi, gramu 160, na ilitoka kwa dola 199, ndiyo maana kila mtu anaitaja. Kwenye fremu kamili ninaiunga mkono moja kwa moja. Kwenye R50 au R10 hiyo ni lenzi ya sura na mabega, si ya kila siku. Kwa kila siku tazama RF 28mm f/2.8: gramu 120, na ukiwa mita 4, kwa kihisi cha Canon cha 22.3, inakupa upana wa mita 3.2 hivi. Mwaka 2024 Sigma ilianza kutoa lenzi za APS-C kwa mdomo wa RF wa Canon (mdomo ni pale lenzi inaposhikana na kamera), na hiyo imewafungulia mlango.

Bei za shilingi siandiki, zinapanda na kushuka na dola. Ulizia maduka matatu siku moja.

Hatua ya tano: ukinunua mtumba

Mtumba wa lenzi ni mzuri kuliko mtumba wa kamera, kwa sababu lenzi haina shata ya kuchoka. Lakini kagua mchana, nje, bila haraka.

Washa tochi ya simu, imulike kutoka nyuma ya lenzi huku ukitazama kwa mbele. Vumbi dogo lisikutishe. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, rudisha. Tazama pini za shaba kwenye mdomo kama zimekwaruzika, na ukingo wa mbele wa kufungia filta kama umebonyea, maana ukingo uliobonyea unasema lenzi iliwahi kuanguka. Halafu nyoosha gazeti la Bukedde ukutani, simama ulitazame sawasawa, piga kwa tundu lililofunguka kabisa. Kuza picha uangalie pembe zote nne. Zikififia kidogo zote kwa usawa, ni kawaida. Pembe moja ikififia peke yake, vioo vya ndani vimepinda. Usikubali hata kwa nusu bei.

Na omba risiti. Muuzaji asiyejua lenzi ilitoka wapi anakuuzia matatizo ya mtu mwingine.

Maswali ya wanachama

Swali, kutoka Mbarara: Mwalimu shikamoo. Nina Canon M50. Kuna jamaa ananiuzia RF 50mm bei nafuu sana. Nichukue?

Marahaba. Usichukue, ndugu yangu. M50 ina mdomo wa EF-M, na lenzi ya RF haiingii hapo, wala hakuna adapta ya kuiingiza. Canon imeshaachana na EF-M, hivyo lenzi zake za mtumba zinaweza kukufaa: tafuta EF-M 22mm f/2, gramu 105, kwangu ndiyo bora ya familia ile. Ukikosa, EF 50mm f/1.8 STM ya kamera za zamani inaingia kwa adapta na fokasi inafanya kazi, ila kumbuka hesabu ya tenti.

Swali, kutoka Jinja: Kwa nini lenzi za kamera za kioo zinaingia kwa adapta, lakini mpya haziingii kwenye za zamani?

Ni umbali kati ya mdomo na kihisi. Kamera za zamani za Canon za EF ziliacha milimita 44 ili kioo kipate pa kuinukia. RF imebaki na 20, Nikon Z 16, Sony E 18. Adapta ni bomba linalojaza pengo hilo. Ukienda upande wa pili ungehitaji bomba lenye urefu chini ya sifuri.

Swali, kutoka Kampala: Kaka, baba aliniachia Nikon 50mm f/1.8D. Nimenunua Z50 na adapta ya FTZ, fokasi haiendi. Adapta ni mbovu?

Pole, si mbovu. Lenzi za AF za D kama hiyo hazina mota, zilizungushwa na mota ya ndani ya kamera, na FTZ haina mota hiyo. Zenye herufi AF-S au AF-P ndizo zinazofokasi. Lakini usiiuze ya mzee. Washa alama za rangi zinazoonyesha kilicho kwenye fokasi, uzungushe kwa mkono. Kwa mtu aliyeketi utulivu, utaizoea ndani ya wiki.

Swali, kutoka Kalangala: Huku ziwani unyevu ni mwingi. Lenzi yangu imeanza alama nyeupe ndani. Nifanyeje?

Dada, itenge na nyingine leo hii, na umpe fundi aifungue kabla kuvu haijala rangi ya kioo. Zilizobaki zitoe kwenye mkoba wa ngozi. Nunua kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko wa kubana, uweke vipakiti vya silika, zile chembe zinazogeuka rangi zikijaa maji. Zikigeuka, zikaushe kwa moto mdogo uzirudishe. Mchele usiweke, unga wake unaingia kwenye pete za lenzi. Na zitumie; lenzi iliyofungiwa gizani miezi ndiyo kuvu inayoipenda.

Swali, kutoka Entebbe: Naweza kupiga korongo domokiatu kule kwenye kinamasi cha Mabamba na hiyo 24mm?

Tumia hesabu ile ile. Mita 20 kutoka kwenye mtumbwi, 24mm inakupa upana wa karibu mita 20, na ndege ana kimo cha mita moja na kidogo. Atakuwa nukta. Kama una Nikon, Z DX 50-250mm ukiivuta mpaka 250 inakupa mita 1.9 kwa umbali huo huo, na hapo anajaa vizuri. Ina gramu 405, haitakuchosha mkono. Azima au kodi ya siku moja kwanza.

Swali, kutoka Arua: Niuze lenzi ya boksi ili niongezee pesa ya 35mm? Nina kazi ya harusi mwezi ujao.

Usiiuze. Utapewa kidogo, na siku ya harusi utahitaji upande wake mpana kwa picha ya ukoo mzima. Kuhusu hiyo 35mm, bado hujaniambia ukumbi ukoje. Nenda kabla ya siku, simama watakapokuweka, hesabu hatua mpaka meza ya maharusi na hatua mpaka ukuta ulio nyuma yako. Niandikie namba hizo mbili na aina ya kamera, tuzipige hesabu pamoja kabla hujaenda dukani.