Mchango uliozidi kwenye IRA umerudishwa: ritani unaijazaje?

Kila ikifika Februari, simu ninazopokea hapa Minnesota hufanana. Mtu aliweka pesa kwenye Roth IRA (akaunti ya akiba ya kustaafu, ya pesa zilizokwisha kutozwa kodi) mapema mwaka jana, akapiga ovataimu mpaka Desemba, kisha W-2, karatasi ya mshahara kutoka kwa mwajiri, ikaja na kipato kilichovuka kiwango cha kuruhusiwa kuchangia. Ameshaiambia kampuni inayotunza akaunti imrudishie. Sasa anauliza: hii naiandika wapi, na kwenye ritani (fomu ya kodi ya mapato) ya mwaka gani?

Hapo kwenye mwaka ndipo wengi wanapokwama. Mchango wenyewe ukirudi kwa wakati huhesabiwa kama haukuwahi kuwekwa, kwa hiyo hautozwi kodi. Faida yake ndiyo hutozwa, tena kwa mwaka ulioweka pesa, hata kama pesa zimetoka mwaka uliofuata.

Nichukue mfano wa dada mmoja muuguzi, namba nimezibadilisha. Hajaolewa. Januari 2024 aliweka dola 7,000, ambayo ndiyo ilikuwa kiwango cha juu kwa aliye chini ya miaka 50. Kwa asiye na ndoa, haki ya kuchangia Roth mwaka huo ilianza kupungua kipato kikifika dola 146,000, na ikaisha kabisa kwenye 161,000. Yeye alimaliza na 168,000. Maana yake dola zote 7,000 zilikuwa za ziada.

Kabla ya ritani, hakikisha pesa zimetoka kwa njia sahihi. Usijaze fomu ya kawaida ya kutoa pesa. Omba ile ya kurudishiwa mchango uliozidi, utaje mwaka wa mchango na tarehe uliyoweka. Ukikosea fomu, karatasi ya kodi itakuja na alama nyingine kabisa na utahangaika kuirekebisha. Wakikuuliza kuhusu kukata kodi ya shirikisho, mimi huwaambia watu wachague sifuri. Hesabu inakuwa nyepesi.

Kampuni nyingi zitakupigia hesabu ya faida, lakini ijue mwenyewe. Akaunti ya dada huyu ilikuwa na 20,000 kabla ya mchango. Ongeza 7,000, unapata 27,000. Siku ya kutoa, Machi 2025, ilikuwa 29,160, na katikati hakuna pesa nyingine iliyoingia wala kutoka. Ongezeko ni 2,160. Gawa kwa 27,000, unapata asilimia 8. Asilimia 8 ya 7,000 ni 560. Kwa hiyo zilitoka dola 7,560. Akaunti nzima ndiyo inayopigiwa hesabu, si ile hisa uliyonunua kwa pesa hizo. Kama soko limeshuka, utapokea pungufu ya ulichoweka na hakuna faida ya kutozwa.

Sasa ritani. Kwenye Fomu 1040 ya 2024, mstari wa 4a anaandika 7,560, na mstari wa 4b anaandika 560. Anaambatisha maelezo mafupi: niliweka kiasi hiki tarehe hii, kipato kikazidi, nimerudishiwa kiasi hiki tarehe hii, faida ni hii. Mistari minne inatosha. Fomu 8606 haihusiki na mchango uliorudishwa, na sehemu ya Fomu 5329 ya adhabu ya mchango uliozidi haihitajiki kwa sababu ametoa ndani ya muda. Kiwango chake cha juu cha kodi ni asilimia 24, kwa hiyo hizo 560 zitamgharimu dola 134 na senti. Ile adhabu ya asilimia 10 kwa walio chini ya miaka 59 na nusu iliondolewa kwenye faida ya aina hii na sheria iliyosainiwa Desemba 29, 2022. Ikiwa programu unayotumia imeiweka, irekebishe kabla ya kutuma.

Kuna anayesema, "Nasubiri kwanza 1099-R," ile karatasi ya kodi ambayo kampuni hutuma kuonyesha pesa zilizotoka. Usisubiri. Pesa za dada huyu zilitoka 2025, kwa hiyo karatasi yake ni ya Januari 2026, miezi mingi baada ya siku ya kutuma ritani. Itakuwa na 7,560 kwenye kisanduku cha 1, 560 kwenye 2a, na herufi P na J kwenye kisanduku cha 7. P ina maana kodi ni ya mwaka uliotangulia. Kama uliiandika mapema kwenye ritani ya 2024, faida hiyo huiandiki tena kwenye ya 2025. Lakini tazama kisanduku cha 4: kodi ikiwa ilikatwa, hiyo unaidai kwenye ritani ya 2025, mwaka iliyokatwa. Aliyeweka na kutoa ndani ya mwaka mmoja ataona 8 badala ya P, na kila kitu kinabaki kwenye mwaka huohuo. Hata aliyeweka Februari 2025 kwa hesabu ya 2024, faida yake ni ya 2025.

Umeshatuma ritani Aprili ndipo ukagundua? Kama uliituma kwa wakati, una mpaka Oktoba 15 kutoa pesa pamoja na faida yake. Kisha tuma 1040-X, ritani ya marekebisho, juu yake uandike kwa Kiingereza hivihivi: "Filed pursuant to section 301.9100-2". Ongeza faida na maelezo. Ritani ya jimbo nayo irekebishwe. Huku Minnesota inaanzia kwenye namba za shirikisho. Wa Texas hilo haliwahusu, hawana kodi ya mapato ya jimbo.

Oktoba 15 ikipita, mambo yanabadilika. Unajaza Fomu 5329, sehemu ya nne kwa Roth au ya tatu kwa IRA ya kawaida, na unalipa asilimia 6 ya kilichozidi: kwa 7,000 ni dola 420. Unaendelea kulipa kila mwaka ambao ziada bado iko ndani ikifika Desemba 31. Hapo unatoa 7,000 tu. Faida inabaki kwenye akaunti.

Na wenye ndoa, msikilize hili. Mkiishi pamoja, hata kwa sehemu tu ya mwaka, na kila mtu akatuma ritani yake, haki ya Roth inaisha kipato kikifika dola 10,000. Lakini kama mwenzio alikuwa nyumbani Afrika mwaka mzima na hamkuishi pamoja hata siku moja, unapimwa kwa kiwango cha asiye na ndoa. Angalieni hili kabla hamjaanza kurudisha pesa, maana huenda hakuna kilichozidi.