Kutoa mstari mmoja tu kwenye terminal: grep kwa sisi wa wifi ya mtaani

Hapa Busia, upande wetu wa Uganda, nina kawifi kangu ka kuuzia watu bando ya siku kwa shilingi elfu moja, na mtambo wenyewe ni kompyuta kuukuu yenye Linux. Jioni watu wakijaa simu zinaanza, "boss mbona yangu haishiki", mi nikiandika `ip neigh` naletewa vifaa vyote, mistari kama sitini hivi, wa huyo anayelalamika sijui uko wapi. Dawa yake ni grep, amri inayochuja mistari na kukuachia ile tu yenye neno unalotafuta. Hii kitu ni ya mwaka 1973, aliitengeneza Ken Thompson kwenye Unix, na mpaka leo kijana akija kunisaidia ndo namfundisha kwanza.

Hatua ya 1. Amri ya kwanza, alafu kale kamstari kaliosimama, alafu grep na kile unachotafuta. Kinachotoka kushoto kinaingia kulia, basi.

`ip neigh | grep a4:5e`

`192.168.10.2 dev wlan0 lladdr a4:5e:60:1c:07:9b REACHABLE`

Hiyo a4:5e ni mwanzo wa MAC, yaani namba ya kutambulisha kifaa kwenye wifi, mteja anakusomea kutoka kwa settings za simu yake. Mwambie asome ile inayoonekana kwenye wifi yako yenyewe, maana kuanzia Android 10 simu nyingi zinabuni MAC tofauti kwa kila wifi.

Hatua ya 2. Ikikutolea patupu usikimbilie kusema simu haipo. Mteja amekuandikia A4:5E kwa herufi kubwa, Linux inaandika ndogo, na kwa grep hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Weka `-i`:

`ip neigh | grep -i A4:5E`

Hatua ya 3. Hapa ndo niliungua, soma polepole. Siku moja nilikuwa namtafuta jamaa wa 192.168.10.2 (hiyo ni IP, namba ambayo mtandao unaipa kila simu) aliyekuwa anamaliza spidi yote, nikaandika `grep 192.168.10.2`, nikashika mstari wa kwanza uliotokea na kuufungia. Kumbe ulikuwa wa .23, simu ya mwalimu aliyekuwa amelipa vizuri tu, akaja mpaka dukani, "ssebo (yaani bwana), nimekukosea nini?" Nikamrudishia elfu yake na siku moja ya bure juu. Shida ni kwamba grep haijui namba yako inaishia wapi, ukiipa .2 inakuletea na .20, na .23, na .200, zote zina hiyo .2 ndani. Andika hivi:

`ip neigh | grep -wF 192.168.10.2`

`-w` inadai neno zima, yaani baada ya 2 kusiwe na tarakimu nyingine. `-F` inafanya nukta ibaki nukta, maana kawaida grep ikiona nukta inaisoma kama "herufi yoyote ile". Kuna watu wanaongeza `-m 1` ili isimame kwenye mstari wa kwanza, mi sipendi, afadhali nione mistari miwili nishtuke kuliko nione mmoja nidanganyike.

Hatua ya 4. Kuondoa takataka ni `-v`, kwa mfano `ip neigh | grep -v FAILED` inaficha vile ambavyo havikujibu.

Hatua ya 5. Ukitaka kujua kama programu fulani iko hai, mfano dnsmasq inayogawa zile IP, `ps aux | grep dnsmasq` itakudanganya, inaonyesha mstari hata kama dnsmasq imekufa, kwa sababu grep nayo ni programu na imejiona yenyewe! Ujanja wake:

`ps aux | grep '[d]nsmasq'`

Bado inatafuta dnsmasq, lakini mstari wake yenyewe sasa una mabano kwa hiyo haujipati.

Na kama unaona grep haichuji kitu, mistari inamiminika tu vilevile, ujue hizo ni error, zinapita njia nyingine. Weka `2>&1` kabla ya kale kamstari.

Wa Windows, nyinyi mna findstr:

`arp -a | findstr /i a4-5e`

Angalia vizuri hapo, Windows inaandika MAC kwa vistari, ukiweka nukta mbili utakesha.