Fungua kava kwanza: kupima pikipiki ya sport ya bei nafuu

Kijana mmoja alinisukumia pikipiki yake hadi kijiweni kwangu hapa Dar es Salaam, miezi mitatu tu tangu aitoe dukani. Nyekundu, kava za plastiki mwili mzima, tanki limeinuka kama la Kawasaki Ninja. "Fundi, hii ni cc 250, lakini kaka yangu ana Yamaha R15 ya cc 155 na ananiacha kila tukitoka. Niangalizie kabureta."

Kabureta haikuwa na shida. Nilifungua kava la kushoto, nikapangusa vumbi kwenye injini, nikamwonyesha maandishi: 167FMM.

Ukienda kununua, anza hapo hapo. Injini nyingi za Kichina huandikwa kwa mtindo huo na usomaji wake ni rahisi. 1 ni silinda moja. 67 ni upana wa silinda kwa milimita. F maana yake inapozwa na upepo. M ni pikipiki. Herufi ya mwisho ni daraja la ukubwa: I ni cc 125, J ni 150, L ni 200, M ni 250. Injini inayopozwa kwa maji haina F. Ya CFMoto 250SR, kwa mfano, ni 172MM. Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ni ya maji" na wewe umeona F, rudisha pesa mfukoni.

Kisha angalia nyuma ya silinda. Injini yenye cheni ya taimingi, ile ya ndani inayoendesha valvu, ina kikaza cheni pale, kimefungwa kwa bolti. Ya yule kijana haikuwa nacho. Ilikuwa ya pushirodi, yaani valvu zinasukumwa na vijiti virefu kutoka chini, ukoo wa Honda CG125 ya miaka ya 1970. Naiheshimu sana injini hiyo: inabeba mizigo, inavumilia oili chafu, na spea zake zimejaa kila duka. Ila haikuumbwa kukimbia mizunguko ya juu. R15 ina valvu nne na inapozwa kwa maji, na toleo lake la nne hutoa nguvu farasi 18 na kidogo kwenye mizunguko 10,000 kwa dakika. Kijana aliuziwa nguo ya mwanariadha juu ya mwili wa mchukuzi, na iliniuma kwa sababu alikuwa amedunduliza mwaka mzima.

Baada ya injini, chuchumaa uangalie shingo la fremu, pale usukani unapoingia. Tumia tochi ya simu. Uchomeleaji mzuri umelala sawasawa, kama sarafu zilizopangwa zikiegemeana. Ukiona madonge, vitundu, au rangi iliyopakwa nene kuficha, usiendelee. Shingo likipata ufa ukiwa kwenye mwendo, hakuna fundi atakayekusaidia. Tazama pia vichwa vya bolti zinazoshika usukani na kalipa za breki: 8.8 au 10.9 ni alama ya ugumu wa chuma. Kichwa kitupu sehemu hizo sikiamini.

Cheni watu huiruka. Inua tairi la nyuma, lizungushe taratibu kwa mkono huku kidole kikiwa kwenye cheni upande wa chini. Ikikaza, ikalegea, ikakaza tena kwa pikipiki mpya, sproketi, lile gurudumu la meno linalobeba cheni, haikukatwa katikati yake. Nimewahi kukuta tofauti ya unene wa kidole kizima, kwenye pikipiki yenye nailoni bado kwenye siti.

Matairi soma ubavuni. Tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Herufi ya mwendo, yaani kasi ya juu ambayo tairi linahimili, nayo inasema kweli: P ni kilomita 150 kwa saa, S ni 180, H ni 210. Bandiko la ABS, breki zinazozuia tairi lisijifunge, lisikudanganye. Tafuta duara lenye matundu au meno kwenye gurudumu na waya wa sensa karibu yake. Hakuna duara, hakuna ABS.

Lakini usidharau kila kitu kwa sababu ni cha Kichina. Loncin ndio wanaoitengenezea BMW skuta ya C 400 X, na CFMoto walianzisha kiwanda cha ubia na KTM ya Austria. Bajaj Pulsar RS200 inatoka India, ina maji na plagi tatu, na si pikipiki ya kubahatisha. Kinachotofautisha ni kama mtengenezaji anaandika jina lake waziwazi kwenye injini, au anajificha nyuma ya mabandiko.

Kabla hujalipa, chukua namba ya injini na picha za kava, nenda Kariakoo ukaulizie vitu vitano: padi za breki za mbele, keboli ya klachi, sili za shokapu, kioo cha kushoto na kava la upande mmoja. Spea za injini ya CG yenyewe utazipata asubuhi hiyo hiyo. Kati ya hivyo vitano, yule kijana alipata vyote isipokuwa kava na sili za shokapu. Sili tulisubiri wiki sita, na pikipiki ikakaa kijiweni kwangu imefunikwa turubai.