Jinsi ya Kuchagua Jina la Duka la Maua: Mwongozo Kutoka Moshi

Jina la kwanza la duka langu lilidumu miezi 11. Nililiita Shangwe za Bi Harusi, nikalibandika kwa stika ya rangi ya pinki kwenye pande zote mbili za gari la kusambazia maua, pamoja na picha ya pete mbili, na kwa muda niliamini kwamba nimefanya kazi nzuri. Kisha, katikati ya Desemba, nikaagizwa mashada manne ya msiba huko Kibosho. Nilipoegesha gari kando ya migomba, hatua chache tu kutoka kaburini, mzee mmoja wa ukoo alinijia akaniambia kwa sauti ya chini, "Binti yangu, pole na safari, lakini tunakuomba uligeuze hilo gari, maandishi yaangalie migomba." Kwa kuwa maandishi yalikuwa pande zote mbili, tukaazima kanga na kufunika upande uliobaki. Hatua ninazozieleza hapa zimetokana na siku ile.

Hatua ya 1: Andika kazi zote ambazo duka litafanya, kisha ulipime jina kwa kazi iliyo nzito kuliko zote.

Usianze na jina, anza na daftari. Andika harusi, sendofu (sherehe ya kumuaga bi harusi), komunio, kipaimara, mahafali, Siku ya Wapendanao, mapambo ya altare, mgonjwa aliyelazwa, mapokezi ya hoteli, na msiba. Wengi wetu tunaoanza biashara hii huwa tunaota harusi peke yake, kwa sababu ndiyo yenye picha nzuri, lakini hapa Moshi msiba haungoji msimu, na familia iliyoridhika na shada la mazishi hukukumbuka binti yao anapokuja kuolewa. Kwa hiyo chukua kila jina unalolifikiria uliweke katika sentensi hii: "Shada hili limetoka kwa…" Lisome kana kwamba umesimama mbele ya wafiwa. Jina likikwama kooni, lifute. Furaha, Shangwe, Vigelegele na Fungate yataanguka hapo hapo. Waridi, Asumini, Bustani na Umande yatapita bila shida.

Hatua ya 2: Kusanya maneno ya mahali ulipo, na uyachunguze kwa pande zote.

Neno ambalo kila mtu hulikimbilia ni "ua", nalo ndilo lenye mtego mkubwa kuliko yote, kwa sababu ni ua la kunusa, ni ua wa nyumba, na ni amri ya kutoa roho. Mwenzangu mmoja wa Arusha alikuwa na nia ya kusema "ua lipendwalo", na nusura amkabidhi mchoraji bango lenye maneno "Ua Mpenzi". Kilichomwokoa ni silabi moja, maana "Ua la Mpenzi" ni zawadi, ilhali lile la kwanza ni kesi ya polisi. Wingi wake, "maua", ni salama zaidi, ingawa kwenye miteremko ya Kilimanjaro kuna mahali panapoitwa Maua, na mteja anaweza kudhani duka lako liko huko.

Majina ya mimea ya kwetu yanavutia, lakini nayo yanahitaji uangalifu. Nilipokuwa natafuta jina la pili nilitamani sana Sale, lile jani refu ambalo Wachaga hulipanda mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, na hulipeleka kwa mtu waliyemkosea ili kuomba msamaha. Niliachana nalo kwa sababu mbili. Kwanza, jani linaloheshimiwa kiasi hicho si langu la kulipigia debe barabarani. Pili, mgeni anayeshuka kutoka mlimani angelisoma kwa Kiingereza na kuingia dukani akitafuta bidhaa zilizopunguzwa bei. Vilevile lipo ua dogo jekundu la Kilimanjaro, lenye mkia uliojikunja kama mkonga wa tembo, ambalo kiasili halioti pengine popote duniani. Wataalamu huliita Impatiens kilimanjari, jina ambalo hakuna mwenyekiti wa kamati ya harusi atakayelitamka kwenye simu.

Kuhusu majina ya milima na vilele vyake, yaani Kibo, Mawenzi na Meru, maoni yangu ni kwamba uyaache. Yamekwisha kubebwa na nyumba za wageni, mabasi na maduka ya vifaa vya ujenzi, na hayatamsaidia mteja kukutofautisha.

Hatua ya 3: Lijaribu kwa sikio kabla ya kulijaribu kwa jicho.

Katika biashara yetu jina husafiri kwa mdomo: shangazi humwambia mhasibu wa kamati, mhasibu humwambia dereva wa bodaboda. Watumie watu watano ujumbe wa sauti ukilitaja jina mara moja tu, kisha kesho yake waombe waliandike. Mimi nililijaribu jina Florentina nikaletewa Frolentina, Florantina, Forentina na Florentina mbili. Majina yenye "r" na "l" zilizokaribiana hupotea hivyo. Tahajia nayo ina mtego wake: Jakaranda, kwa mfano, ni jina linaloufaa mji wa Arusha, ambako miti hiyo huzigeuza barabara kuwa za zambarau mwezi wa Oktoba na Novemba, lakini amua mapema kama utaliandika kwa "k" au kwa "c", kwa kuwa anayekutafuta kwenye simu ataandika moja tu.

Hatua ya 4: Litafute kwenye mfumo wa BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, kisha ulisajili.

Ukifanya biashara kwa jina lako halisi bila kuongeza chochote, Sheria ya Majina ya Biashara, Sura ya 213, haikulazimishi kulisajili. Ukiongeza hata neno "Maua" tu, tayari hilo ni jina la biashara. Usajili hufanyika kwa njia ya mtandao, na utahitaji namba yako ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Andaa majina matatu, si moja, kwa kuwa jina linalofanana na lililokwisha kusajiliwa hukataliwa, na pia epuka maneno yanayofanya duka lionekane kuwa la Serikali. Fahamu kwamba cheti hicho hakikupi haki ya alama ya biashara, ambayo huombwa kivyake. TIN (namba ya mlipakodi) na leseni ya halmashauri hufuata baadaye, zikiwa na jina lile lile, herufi kwa herufi.

Hatua ya 5: Siku hiyo hiyo, fungua kurasa za Instagram na WhatsApp kwa jina hilo. Likiwa limechukuliwa, ongeza jina la mji mwishoni, usiongeze tarakimu.

Hatua ya 6: Liandike kwa chaki kabla ya rangi.

Usimruhusu fundi wa mabango aanze na rangi. Mwombe alichore jina kwa chaki kwa ukubwa kamili, kisha uvuke barabara usimame upande wa pili saa ya jioni, haisi za abiria zinapopita na vumbi limetanda. Herufi za mwandiko wa kujipinda, ambazo sisi wapambaji tunazipenda mno, hugeuka nyuzi zilizosokotana ukiwa mbali kidogo tu. Nilipofanya hivyo na jina langu la sasa, niligundua kwamba namba ya simu ilikuwa kubwa kuliko jina, fundi akafuta na kuanza upya kabla sijalipia hata kopo moja la rangi.