Kubadili mazabodi bila kupiga Windows upya

Juzi dada mmoja mwenye steshenari Ngarenaro, Arusha, kaniita, poti za USB za kompyuta yake zimekufa mojamoja mpaka zimebaki mbili, na fundi kashamwambia anunue mazabodi nyingine (ile bodi kubwa ya ndani inayobeba vifaa vyote) halafu "tunapiga Windows upya, fasta tu". Fasta kwake yeye bwana, maana mle ndani kuna printa tatu zimeshasetiwa, kuna programu ya hesabu ambayo aliyemwekea hapatikani tena, na madokumenti ya wateja tangu enzi. Nikamwambia dada subiri, Windows 10 na 11 zikiamka kwenye mazabodi ngeni zinajitafutia draiva (programu za kuendesha vifaa) zenyewe, kinachoangusha watu ni vitu vichache wasivyofanya kabla ya kushika bisibisi.

Kopi mafaili yote kwenye diski ya nje, hilo halina mjadala.

Halafu BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski, hii ndo inaliza watu. Windows 11 mara nyingi inafunga diski kimyakimya ukishaingia na akaunti ya Microsoft, na kinachoifungua ni TPM, chipu ya usalama ambayo iko kwenye mazabodi au ndani ya prosesa, sasa ukibadili tu mashine inakuomba ufunguo wa tarakimu 48 ambao hujawahi kuuona maishani. Fungua CMD (lile dirisha jeusi la kuandika amri) kama admini, andika manage-bde -status, ukikuta imefungwa andika manage-bde -off C: halafu subiri asilimia ishuke mpaka sifuri, ikichukua masaa acha ichukue. PIN ya kuingilia nayo inategemea hiyohiyo TPM, so hakikisha paswedi ya akaunti unaijua. Dada alikuwa anajua PIN tu! Paswedi tukaanza kuitafuta kupitia laini ya simu aliyoiacha zamani, nusu siku ikaenda hapo.

Leseni: andika slmgr /dli. Ikisema RETAIL, yaani iliyonunuliwa peke yake, inahama na wewe, iunganishe na akaunti ya Microsoft kabla ya kuzima, baadaye kwenye setingi za Activation unachagua kwamba umebadili vifaa karibuni. Ikisema OEM, yaani iliyokuja na mashine, hiyo imefungwa na mazabodi ya zamani, jiandae kununua nyingine. Kama yako ni ya kukraki, unajijua mwenyewe.

Kama mashine ni ya zamani angalia pia diski ni MBR au GPT (mpangilio wa zamani na mpya wa diski), kwenye diskpart piga list disk, GPT inakuwa na kinyota. Mazabodi nyingi za sasa hazibuti MBR, kwa hiyo anza na mbr2gpt /validate /allowFullOS, ikikubali rudia amri hiyo ila /validate iwe /convert. Ingia na kwenye bayosi ya zamani (menyu ya setingi inayofunguka kabla ya Windows) uone diski iko AHCI au RAID, yaani namna mazabodi inavyoongea na diski, mpya uiseti vilevile, zikitofautiana unakutana na skrini ya bluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Draiva ya netiweki idownload mapema uiweke kwenye fleshi, maana bila neti hata hizo draiva nyingine hazishuki.

Kitu kingine, hizi HP na Dell za mtumba za maofisini, nyingi plagi zake za pawa na matundu ya skrubu ni ya kwao wenyewe, mazabodi ya kawaida inaweza isikae kabisa. Pima kabla hujalipa.

Kufunga ni kazi ndogo: chomoa umeme, bonyeza pawa iishe chaji, shika chuma cha kava, piga vumbi, paka pesti mpya kwenye prosesa. Ukiwasha mara ya kwanza chomeka diski ya Windows peke yake, kwenye bayosi chagua Windows Boot Manager, halafu mikono mfukoni, itazunguka na kujirestati yenyewe, usiizime, na kama mtaani kwenu umeme unachezacheza tafuta UPS hata ya kuazima.

Ikishatulia weka draiva za chipseti kutoka tovuti ya waliotengeneza hiyo mazabodi. Ile ya zamani usimwachie fundi kwanza, kaa nayo hata wiki mbili, dada printa yake ya tatu iligoma hadi siku ya nne.