SOMO: Namna ya kuokoa maboksi ya mwandishi wa hotirodi

Habari wadau. Hotirodi, yaani gari la zamani lililochongwa upya likimbie zaidi, wengi mmeiona kwenye video, lile Ford la 1932 limevuliwa madigadi, injini ya V8 iko wazi. Ila magari ya mwanzo tunayajua kwa sababu kuna watu walibeba kamera na daftari wakaenda nazo jangwani. Mimi namkumbuka sana Wally Parks, mzaliwa wa Oklahoma 1913, vijana wa California walipokuwa wanakimbizana kwenye maziwa makavu ya Muroc na El Mirage naye alikuwemo, Robert Petersen alivyoanzisha jarida la Hot Rod Januari 1948 Parks akaja kuwa mhariri, na 1951 akaunda NHRA, chama cha mbio za magari cha Marekani, ili vijana waache kushindana mabarabarani. Alifariki 2007, makumbusho yenye jina lake yapo Pomona.

Yeye kabahatika. Wengine maboksi yao ya picha na madaftari yako gereji, na majarida waliyoandikia yanakufa: Desemba 2019 kampuni moja ilifunga majarida 19 kati ya 22 ya magari kwa mpigo (Hot Rod likabaki). Niliwahi kumsaidia mjane wa mwandishi mmoja huku California, haya ndo niliyojifunza.

Hatua ya 1: Usipange kitu. Piga picha kila boksi lilivyo, andika namba. Mimi nilianza kutenganisha, picha huku daftari kule, mpaka nikagundua zile filamu zilikaa na daftari la safari ileile, na daftari ndo lilikuwa na majina ya madereva. Kurudisha ilinichukua wiki nzima.

Hatua ya 2: Nusa. Filamu ikinuka siki ujue imeanza kuoza, na ule mvuke unaharibu za jirani. Itenge, iweke pa baridi, ianze hiyo kuskaniwa. Haina dawa. Toa rababendi, klipu za chuma na selotepu iliyoachia, iliyoshika usiibandue.

Hatua ya 3: Majina. Hapa ndo pa kutumia muda wako wote, jamani, picha nzuri ya gari lisilojulikana la nani haina msaada kwa mtafiti. Wafuate mafundi wazee na picha mkononi, weka simu irekodi, uliza gari la nani, injini gani, mwaka gani, nani kapiga. Namba iliyochorwa ubavuni ilinganishe na karatasi za matokeo ya siku ile. Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, pembeni kabisa, kalamu ya wino inapenya.

Hatua ya 4: Skani. Picha za karatasi 600 dpi (nukta kwa inchi), filamu ndogo 35mm kama 4000, faili za TIFF (aina isiyopunguza ubora wa picha), nakala tatu na moja ikae nyumba nyingine.

Hatua ya 5: Hakimiliki. Kuwa na picha sio kuwa na haki yake, kama marehemu alikuwa kaajiriwa huenda haki ni ya kampuni. Ukipeleka makumbusho mwandikishiane.

MASWALI

Mdau wa Mombasa: Baba ana albamu ya Safari Rally, zile za kurasa zenye gundi, picha zimeng'ang'ania. Moja nadhani ni Joginder Singh na Volvo yake ya 1965.
Jibu: Usivute ndugu yangu. Pitisha taratibu uzi wa kusafishia meno chini ya picha, ikigoma iache, piga picha ukurasa mzima. Na hiyo "nadhani" iandike hivyohivyo na alama ya kuuliza, maana ukiandika kama una hakika, atakayekuja baadaye atakuamini. Kwa joto la Pwani usiweke darini wala sakafuni.

Mdau: Nikishaskani si natupa tu?
Jibu: Hapana kabisa. Hata diski inakufa siku moja bila taarifa, karatasi unaiona ikichakaa. Halafu nyuma ya picha kuna mihuri na maandishi ambayo wengi huwa hawayaskani.

Mdau: Mzee wetu aliandika habari za magari miaka mingi, ila ukimwomba umrekodi anakataa, anasema hana la kusema.
Jibu: Usimpelekee maswali, mpelekee picha moja, iweke mezani kisha unyamaze. Yule fundi niliyemfuata mimi alikataa mara mbili, ya tatu akaona kabureta kwenye picha akaanza kunisahihisha, tukaja kuondoka pale usiku.